Injini inazimika njiani: anza kwenye tangi, si kwenye kabureta

Kijana mmoja wa Matondoni ameniuliza hivi:

"Asalaam aleikum fundi. Ami yangu ameniachia boti ya fiba na injini ya Yamaha ya nguvu za farasi 15, ya zamani, ile ya kuchanganya oili. Navusha watu na mizigo kuja Lamu mjini. Asubuhi inawaka kwa kuvuta kamba mara mbili tatu, na pale gatini inatulia vizuri. Nikishapakia watu nikafungua moto wote, inakwenda kama dakika kumi hivi, kisha inaanza kulegea, inakohoa, inazimika. Nikingoja kidogo nikabinya pampu ya mkono inawaka tena, halafu mbele inazimika tena. Plagi nimebadilisha mara mbili. Mwezi uliopita nilisogeza tangi mbele ili boti ikae sawa, nikaunga mpira wa mafuta ufike. Fundi mmoja ameniambia kabureta imekufa, ninunue nyingine. Pesa hizo sina. Je, ni kabureta kweli?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Usinunue kabureta, na hiyo uliyo nayo usiifungue kwanza. Umenieleza mambo mawili ambayo fundi wako angeyasikiliza asingekupeleka dukani. La kwanza ni kwamba ukibinya pampu ya mkono, lile tufe la kubinya lililo kwenye mpira wa mafuta, injini inafufuka. La pili ni kwamba umesogeza tangi na kuunga mpira. Kabureta mbovu haiponi kwa kubinywa pampu iliyoko mita mbili nyuma yake. Kinachopona hivyo ni njaa: mafuta hayafiki, wewe unayasukuma kwa mkono, yanafika kwa muda, kisha njaa inarudi.

Kabla ya yote, nakuomba uache kitu kimoja kuanzia leo. Usiendelee na safari kwa kubinya pampu kila dakika, wala kwa kuvuta choki nusu ili injini ifike mjini. Najua abiria wanakuwa na haraka na maji yanakupwa. Lakini injini hii haina oili yake peke yake kama gari. Oili imo ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na hapo ndipo pistoni inapanda na kushuka kwa kasi kubwa kabisa na joto kubwa kabisa bila kulainishwa. Nimefungua silinda za injini kama hiyo zilizochanika mistari kama zimepigwa msasa, na wenyewe wakaniambia, "Ilikuwa inazimika zimika tu." Mpira na klipu ni shilingi chache. Pistoni na silinda zitakula kazi yako ya miezi. Ikianza kulegea, punguza moto mara moja, izime, tia nanga, utafute sababu.

Sasa tufuate mafuta yanavyosafiri. Yanatoka tangini kupitia bomba la kufyonzea lenye chujio dogo chini, yanaingia kwenye mpira, yanapita pampu ya mkono, yanafika kiungo kinachochomekwa kwenye injini, yanapita chujio la ndani, yanavutwa na pampu ya injini, ndipo yanaingia kwenye bakuli la kabureta. Kabureta, panapochanganywa mafuta na hewa, ni kituo cha mwisho. Mafundi wengi wanaanzia hapo kwa sababu ndipo penye skrubu nyingi na ndipo penye malipo. Wewe anzia mwanzo, na kila ukibadilisha kitu kimoja, jaribu kabla hujagusa cha pili. Ukibadilisha vitu vinne siku moja injini ikapona, hutajua ni kipi kilichoponya, na ikiugua tena utaanza upya.

Kwenye kifuniko cha tangi pana skrubu ndogo ya hewa. Kila tone linalotoka lazima hewa ichukue nafasi yake. Skrubu ikiwa imefungwa, au kitundu chake kimezibwa na chumvi na vumbi, tangi linajengeka ombwe na pampu ya injini inashindwa kuvuta. Watu huambiwa hili wakadharau, wakisema, "Ingekuwa hewa, isingewaka kabisa." Hapana. Ingewaka vizuri sana, tena ingekwenda dakika kumi.

Hesabu ni hii. Injini ya farasi 15 ya aina hiyo, moto wote, hunywa takriban lita 6 hadi 7 kwa saa. Kwa dakika 10 imekunywa lita 1 na kidogo. Tuseme tangi lako ni la lita 24 na limejaa nusu, yaani juu mna lita 12 za hewa. Ukitoa lita 1 ya mafuta bila kuingiza hewa, hewa ile imetanuka na shinikizo limeshuka kama asilimia 8. Inasikika ndogo, lakini ni sawa na kuiongezea pampu kazi ya kunyanyua petroli zaidi ya mita 1 juu ya inavyonyanyua kila siku. Pampu ile ni kijitando chepesi tu, haiwezi. Ukizima ukangoja, hewa inapenya polepole kwenye mpira wa kifuniko, nguvu inarudi kidogo, unadhani injini imepumzika.

Hapo una kipimo kisichohitaji hata spana. Jiulize: je, inazimika upesi zaidi siku ambazo tangi limejaa? Tangi lililojaa lina hewa kidogo juu, kwa hiyo ombwe linakuja haraka, pengine ndani ya dakika tatu nne. Tangi likiwa na mafuta kidogo linachelewa. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, tatizo ni hewa ya tangi. Ikiwa ni kinyume, yaani inasumbua zaidi mafuta yakiwa chini na boti ikirushwa na mawimbi, basi chini ya tangi mna maji au taka. Na siku itakapozimika, kabla ya kubinya chochote, legeza kifuniko cha tangi ukiwa umetega sikio. Ukisikia hewa ikifyonzwa kuingia, umepata jibu. Safisha kitundu, na kila ukitoka gatini mkono wako upite pale juu ya skrubu kama unavyopita kwenye kamba ya nanga.

Kama kitundu cha hewa kiko wazi, angalia ndani ya tangi. Lishushe nchi kavu kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, hata usiponusa kitu, na sigara ya mtu mmoja inatosha. Hii ni sheria ya kujaza mafuta pia: tangi la kubebeka lijazwe nchi kavu, si ndani ya boti yenye abiria.

Hapa nina la kusimulia, kwa sababu lilinifundisha kazi. Wakati mmoja wa kusi nilikuwa natoka Lamu kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate. Tumeshaupita mlango wa bahari wa Mkanda, maji yameanza kuchafuka, injini ikaanza mchezo kama huo wako. Kwa kuwa nilikuwa fundi kijana mwenye kuamini mikono yangu, nilisafisha kabureta palepale boti ikiyumba, nikaikuta safi. Ikawaka, ikaenda, ikafa. Nikaisafisha tena. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na tangi akaniambia, "Mwanangu, mbona huliulizi hili?" Tulipofika tulilimwaga tangi lote kwenye karai. Lilitoka jambo moja tu: kile kiduara cha karatasi ya fedha kinachobandikwa mdomoni mwa chupa mpya ya oili. Kilidondoka siku ya kuchanganya, hakuna aliyekiona. Upana wake kama sarafu. Injini ikivuta kwa nguvu, kinanyanyuka kutoka chini na kuganda kwenye chujio la bomba la kufyonzea kama kifuniko kilichopimwa. Injini ikifa, mvuto unaisha, kinaachia na kulala tena chini ya tangi kimya. Kwa moto mdogo hakikunyanyuka kabisa, ndiyo maana gatini palikuwa hapana ugonjwa. Tangu siku ile nikiletewa injini inayozimika, namwambia mwenyewe aniletee na tangi lake. Asiyeleta tangi hajaleta ugonjwa.

Kwa hiyo chomoa bomba la kufyonzea, tazama chujio lake, kisha mwaga mafuta yote kwenye chombo safi kupitia faneli yenye wavu mwembamba sana. Usitumie kitambaa, nyuzi zake ndizo utakazozitafuta mwezi ujao kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha kabureta kinachopima mafuta. Suuza tangi kwa petroli kidogo, litikise, lipindue. Kama ni tangi la bati lenye kutu ndani, usijisumbue kulikwangua, tafuta la plastiki lililotengenezwa kwa petroli. Kutu ukiikwangua leo, kesho imerudi.

Sasa nije kwenye mpira, na hapa nina shaka kubwa na ule ulioongeza. Hukuniambia ni mpira gani. Kama ni ule wa maji, hasa ule mweupe unaoonyesha, uondoe leo. Haukutengenezwa kwa petroli. Ukiwa mpya unalainika, na pampu ikivuta kuta zake zinakutana, njia inafunga. Ukikaa unakauka, unakuwa wa njano na mgumu, unapasuka kwenye klipu. Na kuna ubaya mwingine usioonekana kwa nje, unaoipata hata mipira halali ikizeeka: ngozi ya ndani inabanduka. Nje mpira ni mzima, ndani kipande cha ngozi kinaning'inia kama ulimi. Mafuta yakipita taratibu, ulimi unalala. Yakivutwa kwa nguvu, unasimama na kuziba. Ukishanunua mpira mpya, uchane ule wa zamani kwa kisu toka mwanzo hadi mwisho ujionee mwenyewe. Nunua mpira wa petroli wenye upana wa ndani ule ule uliotoka na injini, kipande kimoja bila kiungo katikati, mfupi kadiri unavyofika. Kama kuweka tangi mbele kunakulazimisha mpira wa mita tatu au nne, ni afadhali tangi lirudi nyuma na mizigo ndiyo isogee mbele. Gunia haliwezi kuzimika.

Viungo navyo vina hila. Watu wanatafuta mpira unaovuja kwa kuangalia unapotona. Lakini kuanzia tangini hadi kwenye pampu ya injini mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Palipo na ufa, mafuta hayatoki nje, hewa ndiyo inayoingia ndani. Kwa nje pakavu kabisa, kumbe injini inakunywa mapovu. Ili uone, ukiwa umezima, binya pampu ya mkono mpaka ikaze, uendelee kuikandamiza huku mwenzako anapitisha kidole kikavu kwenye kila klipu, kila kiungo, na hasa pale mpira unapochomekwa kwenye injini. Hapo sasa mafuta yamesukumwa, na penye ufa patalowa. Kile kiungo cha kuchomeka kina oringi ndogo ndani, yaani pete ya mpira. Kwa chumvi na jua letu huwa inakauka ikapasuka, na ni kitu cha bei ndogo sana. Nimeona boti imekaa mchangani wiki nzima kwa ajili yake.

Pampu ya mkono yenyewe ndiyo shahidi wako bora, kwa hiyo itumie. Siku ya jaribio kaa na mtu mwenye mikono mitulivu, umwambie ashike pampu ile pindi injini inapoanza kulegea, asiibinye, aiguse tu na akuambie ilivyo. Akikuta imebonyea, kuta zimeingia ndani kama embe lililokaushwa, kizuizi kiko nyuma yake: hewa ya tangi, chujio la tangini, au mpira wa upande wa tangi. Akikuta ni ya duara lakini laini, na akiibinya inakaza na injini inafufuka, kuna hewa inayoingia au pampu ya injini imechoka. Akikuta ngumu tele na injini bado inakufa, hapo ndipo kizuizi kiko mbele: kiungo cha injini, chujio la ndani, sindano ya boya inayofungua na kufunga mafuta ndani ya kabureta, au jeti. Kuwa mwangalifu pampu iwe imefungwa mshale wake ukielekea kwenye injini. Usicheke, nimekuta zilizofungwa kinyume, tena na watu wazima. Na unapoijaza asubuhi, ishike wima, mshale ukitazama juu, vali zake zinakaa vizuri zaidi.

Kuna kipimo kingine cha dakika moja. Chomoa mpira kwenye injini, bonyeza kile kijipira cha duara kilicho ndani ya kiungo kwa kitu kisichokata, elekeza kwenye chupa kavu, ubinye. Injini yako ikienda moto wote inahitaji zaidi kidogo ya mililita 100 kwa dakika, ambayo si hata nusu ya chupa ndogo ya soda. Ukibinya mara chache tu unapaswa kupata hayo na zaidi, kwa mkondo uliojaa, bila mapovu. Ikitoka kwa mapovu kama maji ya sabuni, rudi kwenye viungo.

Pampu ya injini ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Haina nyaya wala gia. Ndani mna utando mwembamba unaochezeshwa na pumzi ya injini yenyewe: pistoni ikipanda na kushuka, hewa ya chini ya silinda inavuta na kusukuma utando, nao unavuta mafuta. Kabla ya kufungua, ipige picha kwa simu kutoka pande zote, na chora mstari kwa msumari ubavuni ili tabaka zirudi zilivyokuwa. Utando uuinue kwenye jua. Ukiona nukta ya mwanga, umetoboka. Ukiwa mgumu kama karatasi iliyolowa ikakauka, umekwisha hata kama haukutoboka. Tazama na vijiulimi vya vali, visiwe vimejikunja. Ubadilishe kwa seti yake halali, na usipake silikoni ya madirisha mahali popote panapopita petroli. Petroli inaivimbisha, inamong'onyoka, na vipande vyake vinaelekea moja kwa moja kwenye jeti. Dalili ya utando uliotoboka ni moshi mwingi na plagi iliyolowa, kwa sababu mafuta yanapita kwenye tundu la pumzi na kuingia chini ya silinda.

Ukifika hapa bila kupata kitu, ndipo tuiguse kabureta. Na hata hapo, anza kwa skrubu moja tu, ile ya kumwagia iliyo chini ya bakuli. Weka bilauri ya kioo, isiwe ya plastiki, uilegeze. Iache bilauri itulie juu ya ubao kivulini, uinamie uitazame kwa ubavu. Petroli iliyochanganywa na oili ina rangi yake. Kama mna maji, utayaona chini kabisa, vitone vyeupe vya duara vinavyokimbizana ukiinamisha bilauri, havishikamani na kitu, vinapita chini ya mafuta kama shanga zilizokatika uzi. Kitone kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kukaa juu ya jeti na kuizuia. Tena maji yetu ni ya chumvi. Ya mvua yanazima injini tu, ya chumvi yanaila: ukifungua bakuli ukakuta unga mweupe kwenye kona, hiyo ni alumini inaliwa. Maji yanaingia kwa njia nyingi, kwa dumu lililoachwa wazi wakati wa masika, kwa wimbi juu ya kifuniko, na kwa unyevu wa usiku ndani ya tangi lililokaa nusu tupu.

Ukilazimika kuingia ndani, jeti kubwa ndiyo inayohusika na moto wote. Ile ndogo ni ya mtulio, na wewe mtulio wako hauna neno, kwa hiyo iache. Itoe jeti kubwa kwa bisibisi inayoijaa vizuri, itazame kuelekea mbinguni, uone kitundu cha duara kamili. Usitie waya wa chuma. Jeti ni shaba, na ukiikwaruza hata kidogo umebadilisha kipimo chake daima. Tumia uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia, huo wa nailoni, na hewa ya pampu. Skrubu ya mchanganyiko iliyo ubavuni usiiguse kabisa. Kama mtu ameshaigusa, tafuta kipimo chake katika kitabu cha injini kabla ya kuizungusha zaidi.

Najua wako watakaokuambia mafuta yamechanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo upo nchini, na ndio uliofanya serikali, Septemba 2018, iweke ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukata. Lakini ugonjwa wako haufanani nao. Mafuta mabaya hayangoji dakika 10. Yangekusumbua toka kamba ya kwanza, injini ikawaka kwa shida, ikatoa moshi, ikagonga. Ukishuku, dondosha tone juu ya karatasi nyeupe kabla hujatia oili. Petroli safi inapotea bila kuacha alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa la ung'avu linalokawia.

Suala la oili sitalirefusha. Kwa injini nyingi za namna hiyo zilizokwisha kuzoea kazi ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20. Soma kibandiko au kitabu, kwa kuwa za zamani zaidi zinataka oili zaidi. Iwe oili ya injini za boti, yenye alama TC-W3, si ile ya pikipiki. Na usiongeze "kwa usalama". Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti ile ile inakuwa pungufu, kwa hiyo unaichoma injini huku ukidhani unaihurumia. Plagi zako za zamani kama hujazitupa, zitazame: rangi ya kahawa ya maziwa ni nzuri, nyeupe kavu ni njaa, nyeusi yenye kulowa ni mafuta kupita kiasi.

Ingawa naamini ni mafuta, kuna njia ya kuhakikisha si moto wa umeme, yaani cheche za plagi. Injini yenye njaa inakufa kwa kulegea, inashuka, inapanda, inakohoa, kama ulivyonieleza. Yenye koili mbovu, ile inayozalisha umeme wa cheche, inakata ghafla kama taa iliyozimwa, haikohoi, na kubinya pampu hakuisaidii kitu. Angalia pia ule uzi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Ukikatika, hilo ni joto, ni habari nyingine, zima mara moja.

Mpango wako wa wiki hii, mwanangu, uwe huu. Rudisha tangi nyuma, ondoa kipande ulichounga, safisha kitundu cha hewa, mwaga na kusuuza tangi. Kisha nenda bila abiria, maji yakiwa yanajaa ili usije ukakwama kwenye mikoko, ukiwa na mwenzako, makasia, nanga, upo wa kufulia maji na maboya ya kujiokolea. Zunguka karibu na Matondoni moto wote kwa dakika 20, mwenzako akiwa karibu na pampu ya mkono. Ikipita dakika 20, tia mzigo wa kawaida ujaribu tena siku ya pili. Ikizimika, usifungue kitu hapo hapo. Niandikie mambo manne: pampu ya mkono ilikuwaje ulipoigusa, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, ulisikia nini ulipolegeza kifuniko, na plagi zilikuwa na rangi gani. Kwa hayo manne nitakuambia ufungue wapi, na kama ni kabureta nitakuambia seti gani ya matengenezo uiombe dukani, bila kuinunua nzima.